Al-Jazari: Fundi aliyeziunganisha elimu na amali

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wasomaji, tumezoea katika kurasa kama hizi kusoma maisha ya mafakihi, wapokezi wa hadithi, makadhi na majemadari. Leo tumemchagua mtu asiyekuwa katika makundi hayo. Hakutoa fatwa, hakuongoza jeshi wala hakukalia kiti cha ufalme. Alikuwa fundi, na kwa ufundi wake jina lake limedumu zaidi ya miaka 800.

Tumemchagua kwa sababu maalumu. Katika majumba yetu wamo vijana ambao wakipata redio mbovu huifungua, wakipata gari la kuchezea lililovunjika hutoa mota yake, na kwa betri kuukuu, vipande vya waya na risasi ya kulehemu huunda taa, feni au kengele ya mlango. Wazazi wengi huona mambo hayo kuwa ni uchafu wa chumba na upotevu wa wakati. Wapo hata wanaomtisha mtoto kwamba asiposoma atakuwa fundi, kana kwamba ufundi ni adhabu ya aliyeshindwa na kitabu. Hebu basi tumtazame mtu ambaye kitabu na nyundo vilikaa katika mkono mmoja.

JINA NA ZAMA ZAKE

Jina lake kamili ni Badi' az-Zaman Abul-'Izz Ismail ibn ar-Razzaz al-Jazari. Lakabu ya Badi' az-Zaman humaanisha mtu wa ajabu wa zama zake. Nisba ya al-Jazari inatokana na al-Jazira, nchi iliyo kati ya mito ya Dijla na Furati katika sehemu zake za juu, ambayo leo imegawanyika baina ya Uturuki, Syria na Iraq.

Karibu yote yanayojulikana juu ya maisha yake yametoka katika dibaji ya kitabu chake mwenyewe. Humo tunapata kwamba aliingia katika utumishi wa wafalme wa ukoo wa Banu Artuq mwaka 570 Hijria, sawa na 1174 Miladia. Alimtumikia kwanza Nur ad-Din Muhammad, kisha mwanawe Qutb ad-Din Sukman, kisha mwana mwingine, Malik as-Salih Nasir ad-Din Mahmud. Utumishi huo ulikuwa umefikia miaka 25 alipoieleza habari yake. Makao ya wafalme hao yalikuwa ngome ya Hisn Kayfa, na mwaka 1183 Sultani Salah ad-Din al-Ayyubi alipouteka mji wa Amid, ambao leo unaitwa Diyarbakir, aliukabidhi kwa Nur ad-Din. Katika kasri la Amid ndipo kazi kubwa za fundi wetu zilipoonekana.

Zilikuwa zama za vita vya Msalaba na fitina baina ya wafalme wa Kiislamu wenyewe kwa wenyewe. Hata hivyo, katikati ya vumbi hilo, mtu mmoja alikuwa akikaa karakanani akipima matone ya maji.

AMRI YA MFALME

Siku moja Mfalme Nasir ad-Din Mahmud alikitazama chombo ambacho al-Jazari alikuwa amekitengeneza. Akaona kwamba kazi zile hazina mfano, na kwamba hazifai kupotea. Akamuamuru aandike kitabu kitakachokusanya aliyoyabuni kwa maelezo na kwa michoro. Al-Jazari alitii, na kitabu kilikamilika mwaka 602 Hijria, yaani 1206 Miladia. Wanahistoria hukadiria kwamba alifariki katika mwaka huohuo.

Kitabu hicho kinajulikana kwa jina la al-Jami' bayna al-'ilm wal-'amal an-nafi' fi sina'at al-hiyal. Maana yake ni mkusanyiko unaounganisha elimu na amali yenye manufaa katika sanaa ya kutengeneza vyombo vya werevu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani wa maneno elimu na amali, kwani yote mawili yamo katika lugha yake. Tumezoea kuyasikia msikitini, tunapoambiwa kwamba elimu isiyotendewa kazi ni mti usio na matunda. Al-Jazari aliyapeleka maneno hayo mawili karakanani.

Ndani yake mna vyombo 50 vilivyogawanywa katika mafungu 6. Fungu la kwanza lina saa 10 za maji na za mishumaa. La pili ni vyombo 10 vya mabarazani. La tatu ni mabirika na mabeseni 10 ya kunawia na ya kupimia damu inayotolewa mwilini. La nne ni chemchemi za kubadili umbo na filimbi zinazojipiga zenyewe, nazo ni 10. La tano ni mitambo 5 ya kupandisha maji, na la sita ni vitu 5 mbalimbali, miongoni mwao kufuli ya sanduku inayofunguka kwa herufi badala ya ufunguo, na ala ya kutafuta kitovu cha nukta tatu zilizo juu ya tufe.

SAA YA TEMBO

Chombo kinachojulikana zaidi ni saa ya tembo. Kwa nje ni sanamu ya tembo aliyebeba kiti chenye kuba, juu yake ndege, na shingoni ameketi mwongozaji wake. Siri yote imo tumboni. Humo mna tangi la maji, na juu ya maji linaelea bakuli lenye tundu dogo lililopimwa kwa uangalifu mkubwa. Maji huingia polepole katika bakuli, nalo huzama kidogo kidogo kwa muda wa nusu saa. Linapoelekea chini, kamba iliyofungwa kwake humzungusha karani aliyekaa mgongoni mwa tembo, na kalamu yake huonyesha ni kiasi gani cha nusu saa kimepita.

Bakuli linapojaa na kuzama ghafla, huvuta kamba nyingine na kuiachia gololi iliyo juu. Gololi hutoka katika mdomo wa kozi na kuangukia kinywani mwa joka. Joka, kwa kulemewa na uzito huo, huinama mpaka chini na kuitua gololi katika chombo, na mwongozaji wa tembo hupiga ishara kwamba nusu saa imetimia. Lakini tazama werevu wa jambo hili: kule kuinama kwa joka ndiko kunakolivuta bakuli kutoka majini na kulimwaga. Joka likishaitua gololi hurudi juu, bakuli huelea tupu, na hesabu huanza upya bila ya mkono wa mtu.

Kijana anayeunda vyombo vya elektroniki leo atayatambua mambo haya mara moja. Kwanza pana kitu cha kuhisi, kisha pana utaratibu uliopangwa, kisha pana kitendo, na mwisho mtambo unajirudisha mahali pa kuanzia. Leo kazi ya bakuli hufanywa na kihisi, kazi ya kamba hufanywa na waya na saketi, na kazi ya gololi hufanywa na mota. Umeme haukuwako katika mji wa Amid, lakini fikra ya mtambo unaojiendesha ilikuwapo.

SAA YA KASRI NA KOSA LA WALIOTANGULIA

Saa iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa na umbo la lango la kasri. Kila saa ilipotimia, mlango mmoja ulifunguka, na kozi wawili wakainama na kudondosha gololi za shaba katika vyombo vilivyotoa mlio. Katika saa ya 6, ya 9 na ya 12, sanamu za wapiga ngoma, tarumbeta na matoazi zilifanya kazi yao. Usiku, miduara 12 ya vioo iliwaka mwanga mmoja baada ya mwingine.

Ugumu ulikuwa hapa. Kwa desturi ya zama zile mchana uligawanywa katika saa 12, uwe mrefu au mfupi. Kwa hiyo saa ya mchana wa kiangazi ilikuwa ndefu kuliko saa ya mchana wa kipupwe, na mtambo ulitakiwa kubadili mwendo wake kila siku ya mwaka. Ilibidi maji yatoke kwa kasi moja leo na kwa kasi nyingine kesho. Al-Jazari alikikuta chombo cha kudhibiti mtiririko kilichorithiwa kutoka kwa waliotangulia, ambacho kiligawa buruji 12 juu ya nusu duara na kunasibishwa na mwanachuoni wa Kiyunani, Archimedes. Mtu mwingine angelinakili jambo hilo kwa heshima ya jina. Yeye alikitengeneza, akatia maji, akapima, na akakuta hakitoi hesabu sahihi. Hapo akatafuta njia yake, akijaribu na kurekebisha, mpaka alipopata mgawanyo wa duara zima uliothibitishwa na maji yenyewe.

Hakuwafanyia hivyo Wayunani peke yao. Wana watatu wa Musa ibn Shakir, maarufu kwa jina la Banu Musa, waliishi Baghdad katika karne ya 9 na kuandika kitabu mashuhuri cha vyombo vya namna hii. Al-Jazari alikisoma na kuutambua ubora wao. Lakini katika mlango wa chemchemi alieleza kwamba mabadiliko ya chemchemi zao hutokea kwa muda mfupi mno kiasi kwamba mtazamaji hapati kuyaona vizuri, naye akaunda za kwake zinazobadilika kwa nafasi. Huo ndio uhakiki wenye adabu, kwani mtu hutaja jina la aliyemtangulia na fadhila yake, hutaja upungufu alioukuta, kisha huleta kilicho bora zaidi.

BIRIKA LA UDHU

Kati ya vyombo vya fungu la tatu kimo kimoja kitakachomgusa kila anayejitayarisha leo kwa sala ya Ijumaa. Al-Jazari ameeleza kwamba Mfalme Nasir ad-Din hakupenda mtumishi au kijakazi ammiminie maji wakati wa kutawadha. Akamtaka fundi wake amtengenezee kitu cha kummiminia. Al-Jazari akatengeneza sanamu ya kijana wa shaba aliyesimama, mkono mmoja umeshika birika na mwingine umeshika kioo na kitana. Maji humiminika kutoka katika birika kwa kiasi cha kutosha, na yanapokwisha, mkono wa pili hujisogeza mbele kumpa mfalme vile vitu vyake.

Hapa msomaji makini anaweza kutuuliza kuhusu sanamu hizi, na kuhusu fungu la pili ambalo vyombo vyake viliundwa kwa ajili ya mabaraza ya kunywea ya wafalme. Hatutalificha jambo hilo. Hukumu ya sanamu na ya vileo inajulikana, na kasri la mfalme halikuwa hoja ya sheria wakati ule kama lisivyokuwa leo. Werevu wa mtu haugeuzi halali na haramu. Lakini pia si uadilifu kuitupa elimu ya mtu kwa sababu ya baraza la aliyemwajiri. Boya lile lile lililofungua na kufunga maji katika chombo cha mfalme ndilo linalofanya kazi leo katika matangi yetu ya maji, likifunga mfereji tangi linapojaa.

PAMPU NA MLANGO

Ikiwa saa zilikuwa fahari ya kasri, mitambo ya kupandisha maji ilikuwa rehema kwa mkulima. Mmoja katika hiyo uliendeshwa na mnyama anayezunguka, na ndani yake mzunguko wa gurudumu uligeuzwa kuwa mwendo wa kupanda na kushuka kwa kutumia mkono uliopinda, asili ya kile mafundi wetu wa magari wanachokiita krenkishafti. Huo ni miongoni mwa mifano ya kale kabisa inayojulikana ya kitu hicho kutumika ndani ya mashine.

Mtambo wa tano ni pampu. Mto huzungusha gurudumu, gurudumu huzungusha meno, na meno husukuma fimbo inayokwenda kulia na kushoto. Pande mbili za fimbo hiyo zina pistoni mbili ndani ya silinda mbili za shaba. Moja inapovuta maji kutoka mtoni kwa bomba, nyingine huyasukuma juu, kisha hubadilishana, na vali huzuia yasirudi. Kwa njia hiyo maji hayakatiki. Wataalamu wa historia ya uhandisi wameitaja pampu hii kuwa hatua kubwa, kwa kuwa imekusanya pahali pamoja bomba la kufyonza, pistoni zinazopokezana na ubadilishaji wa mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi. Hayo yote baadaye yalikuwa na nafasi kubwa katika mashine za mvuke.

Yeye mwenyewe alikuwa na kazi nyingine aliyoionea fahari sana, nayo ni mlango wa kasri la Amid, mrefu zaidi ya mara mbili ya kimo cha mtu, uliopambwa kwa nakshi za shaba ya manjano iliyosubiwa. Mlango huo haupo leo. Hata saa ya tembo iliyotoka mikononi mwake haipo, wala pampu, wala birika. Shaba huyeyushwa, mbao huoza, na makasri hubomoka. Kilichobaki ni kitabu.

KITABU KINACHOFUNDISHA MIKONO

Wengi kabla yake waliandika juu ya vyombo vya ajabu, lakini aghalabu waliandika ili msomaji astaajabu. Al-Jazari aliandika ili msomaji atengeneze. Kila chombo amekieleza kwanza jinsi kinavyoonekana kwa nje, kisha sehemu moja baada ya nyingine, ukubwa wake, madini yake, namna ya kuiunda na mahali pa kuifungia. Juu ya michoro ya rangi ameweka herufi, na katika maelezo akazirejea herufi hizo ili mkono usipotee.

Amefundisha pia siri ambazo mafundi wengi huzificha. Ameonyesha kugandisha mbao nyembamba tabaka juu ya tabaka ili ubao usipinde, sawa na plaiwudi tunayonunua leo, na kupima ulinganifu wa gurudumu kabla ya kulifunga. Ameeleza namna ya kuunda kwanza mfano wa karatasi kabla ya kukata shaba, ya kusugua vali na kiti chake kwa unga wa msasa mpaka maji yasipenye, ya kupanua tundu kidogo kidogo huku ukipima mtiririko, na ya kusubu shaba katika kalibu za mchanga. Naye ameeleza msimamo wake kwamba kila elimu ya ufundi ambayo haikuthibitishwa kwa vitendo hubaki inaning'inia baina ya usahihi na kosa.

Matunda ya uaminifu huo yameonekana katika zama zetu. Mwaka 1974 mhandisi wa Kiingereza, Donald Hill, alikitoa kitabu hiki kwa lugha ya Kiingereza, na mwaka 1979 Ahmad Yusuf al-Hassan akakitoa kwa Kiarabu chake cha asili mjini Halab. Mwaka 1976, wakati wa Tamasha la Ulimwengu wa Kiislamu mjini London, saa ya kasri iliundwa upya kwa kufuata maelezo yale, nayo ikafanya kazi. Wanaofika Dubai huweza kuiona saa ya tembo katika jengo la maduka lililopewa jina la Ibn Battuta, na mifano ya vyombo vyake imo pia katika jumba la makumbusho ya sayansi ya Kiislamu lililofunguliwa Istanbul mwaka 2008. Fundi aliyekufa zaidi ya karne 7 kabla yao aliwaongoza mafundi wasiowahi kumwona, sehemu kwa sehemu, mpaka maji yakatiririka na gololi zikaanguka.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tunajifunza kwamba hapana uadui baina ya kalamu na nyundo. Nabii Nuh (A.S.) aliunda jahazi kwa mikono yake, na Nabii Daud (A.S.) alifua chuma na kula katika jasho lake. Mwenye kudharau kazi ya mikono anadharau kazi iliyofanywa na Mitume. Mtoto anayelehemu waya katika pembe ya nyumba haikimbii elimu. Huenda ndiye aliyeanza kuitia amalini.

Pili, tunajifunza kujaribu. Heshima kwa waliotangulia haimaanishi kuacha kupima. Kijana akinakili mchoro wa saketi na taa isiwake, asikate tamaa wala asimlaumu mwenye mchoro kabla ya kupima kila kiungo. Al-Jazari hakuandika sahihisho lolote ila baada ya maji kumshuhudia.

Tatu, na hili ndilo tunalolitilia mkazo, tunajifunza kuandika. Ni wangapi katika mwambao wetu waliokuwa mabingwa wa kuunda majahazi, kuchonga milango, kufua dhahabu na kusubu shaba, na leo hatuna hata ukurasa mmoja wa vipimo vyao? Walifundisha kwa jicho mwanafunzi mmoja au wawili, na siri nyingine wakaondoka nazo kaburini. Mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa Kamukunji jijini Nairobi hugeuza mabati na vyuma chakavu kuwa majiko, masanduku na mashine. Nani ameziandika kazi zao sehemu kwa sehemu, kwa vipimo na michoro? Elimu ni amana, na amana haihifadhiwi kwa kufungiwa kifuani.

Kwa hiyo tunawausia wazazi na walimu: kijana mwenye mikono ya namna hii mpeni meza, mpeni mwangaza, mwonyeni juu ya hatari ya umeme na moto, na pamoja na hayo mpeni daftari. Aandike alichounda, kwa vipimo gani, wapi kilishindwa na alikirekebishaje. Chombo chake kitavunjika, na hilo si ajabu, kwani hata mlango wa Amid umetoweka. Daftari lake ndilo litakalomfikia asiyemjua.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu al-Jazari, atusamehe sisi na yeye, na atujaalie elimu yenye manufaa na amali yenye kukubaliwa.

Wabillahi tawfiq.